Baba Mdogo Anayekufa Kila Jumamosi

Mara ya kwanza Baba mdogo Gaudensi kutangaziwa kwamba anakufa, tulikuwa tumeikaribia mashine ya kusaga ya pale Chuno, watu arobaini hivi ndani ya jezi za njano, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akituimbisha.

"Kuchele!"

"Kumekucha!" tukajibu, miguu na makofi pamoja.

"Mwenye shuka alivue!"

"Kumekucha!"

"Mwenye kitambi akibebe!"

Kabla hatujaitikia, mkono wake wa kushoto ukalia. Pi-pi-pi-pi-pi, kama lori la korosho linaporudi nyuma. Waliokuwa mbele wakasimama, wa nyuma wakawavaa, dada mmoja akapoteza kiatu. Baba mdogo aliinua mkono, akaikodolea macho saa yake mpya, halafu akaninyooshea mimi, maana miwani yake ya kusomea huwa haitoki nyumbani. Anasema akikimbia nayo barabara inaruka.

"Anna, soma."

"Mapigo ya moyo mia moja sabini na sita. Inasema umepita kiwango cha mwisho cha umri wako. Inasema simama upumzike."

"Imesema tafadhali?"

"Hapana."

"Basi haina adabu." Akavuta pumzi. "Kuchele!"

Safari hii waliomwitikia walikuwa wachache, tena waliitika huku wakimwangalia pembeni, vile watu wanavyomwangalia mgonjwa aliyelazwa akiagiza chipsi.

Baba mdogo ni mdogo wake baba yangu, mtu wa Mbinga aliyeletwa Mtwara na kazi ya bandari kabla mimi sijazaliwa. Nilipochaguliwa kusoma sekondari huku, nilikuja kukaa kwake na mkewe, Mama mdogo Beatrice. Kazi yake ni kusimama chini ya kreni na kumwelekeza yule aliye juu: shusha, pandisha, kushoto kidogo, tulia. Mikono inaonyesha, mdomo unasindikiza. Miaka yote hiyo ya kushindana na injini za meli ilimpa sauti isiyo na pa kupunguzia. Akiwa mezani akisema "naomba chumvi", jirani ananyanyuka. Lakini siku hizi bandarini wamegawiwa redio za mkononi, na msimamizi amemwomba kistaarabu aache kupiga kelele, kwa sababu mwendesha kreni anamsikia mara mbili, kwanza kwa sikio, halafu kwa redio, na kuna siku alishusha mara mbili.

Kanisani nako aliimba besi mpaka mwalimu wa kwaya, mtu mpole sana, akamteua kuwa mweka hazina. Mweka hazina wa kwaya hasimami na waimbaji. Anakaa na kikapu.

Kwa hiyo palibaki mahali pamoja tu duniani ambapo watu walimwambia Gaudensi "paza, hatusikii." Napo ni kwenye klabu yetu ya mbio za asubuhi, Chuno Kuchele Jogging. Kuchele ndivyo mji huu unavyojisalimia, yaani kumekucha. Klabu ina walimu, mama lishe, vijana wa bodaboda na watu wa ofisini wenye vitambi vya ofisini. Kila Jumamosi alfajiri tunashuka mpaka Ufukoni, tunarudi, tunakunywa supu na kurudisha mwilini kila tulichokiacha barabarani. Na muda wote huo mtu mmoja anaimbisha. Bila mwimbishaji, jogging ni kundi la watu wanaohema. Baba mdogo alikuwa mwimbishaji tangu klabu ianze. Wiki nzima alikuwa akitunga mistari, na ukimkuta bafuni anaongea peke yake usishtuke, anatafuta mstari wa kumchoma mtu.

Saa ililetwa na presha. Alipopimwa ikaonekana imepanda, muuguzi Sharifa, ambaye naye ni mwanaklabu, akamwambia: meza dawa kila siku, punguza chumvi, endelea na mazoezi lakini usijiue.

"Sasa nitajuaje kwamba nimeanza kujiua?" Baba mdogo akauliza.

Sharifa alikuwa na foleni mpaka mlangoni. Alicheka tu, akaita mwingine. Swali likabaki kwa Baba mdogo, akaondoka nalo mpaka dukani kwa kina Haider, mjini, wanakouza simu na vitu vyote vinavyochajiwa.

"Mzee wangu," Haider akamwambia, akiivalisha saa mkononi mwake kama anamvisha pete, "hii inaujua moyo wako kuliko mkeo."

"Kijana, usiseme hivyo mbele ya mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Amesimama nyuma yako."

Mama mdogo aliitazama saa vile anavyomtazama msichana anayekuja kuomba kazi za ndani.

Usiku huo tuliiwasha mezani, mimi nikiwa mkalimani kwa sababu ya Kiingereza changu cha kidato cha tatu. Saa ilianza kuhoji kama askari wa mpakani. Jina? Urefu? Uzito? Kwenye uzito Baba mdogo akashusha sauti, kwa mara ya kwanza nijuavyo mimi.

"Inauliza umezaliwa mwaka gani."

"Wa kazini au wa nyumbani?"

"Kwani iko miwili?"

Mama mdogo akaangua kicheko jikoni. "Mwandikie wa kazini, mwanangu! Huo wa nyumbani atastaafu kesho asubuhi."

"Lakini Baba mdogo, hii ni kwa ajili ya moyo. Inatakiwa umri wa kweli."

"Anna, sikiliza. Saa inaongea na simu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Simu inaongea na dunia."

"Ndiyo."

"Na duniani kuna watu wa utumishi. Andika wa kazini."

Nikaandika wa kazini, akapungua miaka kumi mbele ya macho yetu. Saa ikachukua mia mbili na ishirini, ikatoa umri, ikampa kiwango cha mwisho cha mapigo, mia moja sabini na moja, na ngazi tano za rangi kuanzia kijivu cha kulala mpaka nyekundu ya kuagana na ndugu. Baba mdogo alifurahi sana. Alivaa saa kwa kuilegeza, icheze kidogo, kwani anaamini kitu kikibana mkono damu inakasirika.

Na Jumamosi iliyofuata ndiyo hiyo akafa pale mashine ya kusaga.

Niliapa kuinyamazisha. Niliingia kwenye mipangilio, nikakuta ndani ya mipangilio kuna mipangilio, na ndani ya hiyo kuna mlango uliosema "zaidi". Nikapandisha kiwango mpaka mia moja na themanini. Asubuhi nikakuta saa imejirudishia mia moja sabini na moja, yenyewe, kama mtoto anayerudisha mkono kwenye sukari. Nikazima kengele, ikaacha kulia, ikaanza kutetemeka, na Baba mdogo akadhani ni moyo. Nikaiwasha tena haraka. Kuna kitufe ukikibonyeza kwa muda mrefu kinafunga kila kitu, nami nilipokibonyeza, saa ikaamini tumeingia majini. Jumapili, padri akiwa katikati ya mahubiri, ikalia kumpongeza Baba mdogo kwa kuogelea.

"Amina," akasema mzee mmoja nyuma yetu.

Jumamosi ya pili akafa Ufukoni, pale watu wanapouza samaki, mia moja sabini na nne. Ya tatu akafa mara mbili, kwenda na kurudi. Kila mara alikuwa anaimba vizuri kabisa, hahemi wala hayumbi, na kila mara saa ilipiga kelele kumzidi. Wachuuzi wa ming'oko, vile viazi vya porini vya huku, wakaanza kutuuliza, "Leo mzee ameshakufa, au tusubiri?"

Siku hiyo ya tatu, kwenye supu, Mwenyekiti Gladness akagonga kijiko kwenye bakuli. Mwenyekiti ni mtu wa ofisi ya halmashauri, hata akiagiza chapati unaweza kudhani anafungua kikao.

"Ndugu wanaklabu. Wiki ijayo ni bonanza la Mikindani. Klabu zote zitakuwepo, na kila klabu inaingia ikiimba. Nina jambo kuhusu mzee wetu Gaudensi. Mzee tunampenda. Ndiyo maana hatutaki kumzika na jezi yetu, jezi zenyewe hazijatosha."

Watu wakacheka, ila si sana.

"Mimi mzima, Mwenyekiti," Baba mdogo akasema.

"Kifaa kinasema siyo."

"Kifaa kimeniona juzi. Mimi nimekaa na huu moyo tangu Mbinga."

"Mzee Gau, ugonjwa wa moyo hauna 'nimekaa nao'."

Hapo akasimama Mwalimu Innocent, anayefundisha jiografia na kufuga misuli. "Mimi nina spika," akasema. "Inakaa kwenye baiskeli. Nyimbo zimo, zimepangwa kwa kasi ya hatua. Haichoki, haikosei, na haimtaji mtu kitambi."

Niliona watu wa ofisini wakikubali kwa vitambi vyao.

"Basi," Mwenyekiti akasema, "mpaka saa ya mzee itakapotulia, tutaimbishwa na spika ya Mwalimu. Mzee utakimbia nasi, nyuma, kimya."

"Mwenyekiti, hiyo spika haina presha?"

"Haina moyo, Mzee Gau."

"Ndicho ninachosema na mimi."

Akaisukuma supu, ambayo hata hivyo ilikuwa na chumvi, akaondoka.

Mtu ambaye hajawahi kukaa na Baba mdogo hawezi kuelewa kimya chake. Alirudi kutoka bandarini, akala, akalala. Bafuni akawa anaoga tu. Siku ya tatu jirani akagonga mlango kuuliza kama tumesafiri. Kusema kweli hata mimi niliogopa. Kazini ameambiwa apunguze, kanisani amepewa kikapu, sasa na barabarani amenyamazishwa. Nilijiuliza sauti kubwa hivyo ikikosa pa kutokea inakwenda wapi, au ndiyo inayogeuka presha.

"Hiyo saa mimi simwamini," Mama mdogo akasema jioni moja akimenya muhogo, akiitaja saa kama mtu. "Baba Amani, ilete hapa."

Amani ni mtoto wao wa kwanza, yuko chuo. Baba mdogo akaivua. Mama mdogo akachagua muhogo mnene kuliko yote, uliokwisha menywa, akaufunga saa kiunoni, akauweka juu ya ungo. Taa ya kijani ikawaka chini yake, ikatafuta, ikatafuta. Tukainama wote watatu.

Sabini na moja.

"Ana mapigo," nikasema.

"Tena mazuri," Mama mdogo akasema. "Anakuzidi wewe afya, mume wangu."

"Huyo hana majukumu," Baba mdogo akajibu, lakini alikuwa amesogea, na uso wake ulikuwa umeanza kurudi.

Kesho yake akaipeleka dukani. Haider alisikiliza habari yote ya muhogo akiwa ameshika kidevu.

"Uliuandikia umri gani?"

"Nani?"

"Muhogo, mzee wangu. Umeupima kwa umri wako. Kwa nini usione ajabu?"

"Haider, mwanangu, muhogo hauna moyo!"

"Sasa kama unajua hauna, unaupima wa nini? Saa ya kukimbilia wewe unaipeleka jikoni, halafu unailaumu saa."

Baba mdogo alirudi nyumbani nayo, akaitupa kwenye ungo, akasema yeye hana tena habari nayo, atakayetaka kujua hali ya mihogo aivae.

Akaivaa Mama mdogo, kwa kejeli tu, akaanza kutwanga kisamvu. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na daftari la biolojia, nikitafuta sababu ya kutosoma, ndipo nikaona jambo. Mchi ukienda haraka, namba inapanda. Jirani akipita akasalimia, Mama mdogo anapunguza mchi ili amjibu, na namba inashuka palepale, kama mtu aliyeteleza ngazi. Nikajua moyo haufanyi hivyo. Moyo ukishapanda hushuka polepole, kwa kusitasita, kama mbuzi kwenye mteremko. Mwalimu wetu wa biolojia alitukimbiza kuzunguka uwanja ili tulione hilo kwenye shingo zetu wenyewe.

"Mama mdogo, usiache kutwanga. Naomba shingo."

"Unataka kuninyonga na mchi nimeshika?"

Nikaweka vidole viwili chini ya taya lake, nikahesabu huku nikifuata mshale wa saa ya ukutani. Akanyoosha shingo kuniruhusu, mchi ukiendelea. Nilipata tisini na mbili. Saa, alipokuwa akitwanga, ilikuwa imesema mia moja na kumi na tisa. Tukarudia. Akatwanga kwa fujo, saa ikafika mia moja thelathini na tano, shingo ikabaki tisini na kitu. Akatwanga kwa madaha kama bibi harusi, saa ikashuka sabini, shingo ikakataa kushuka.

"Haisikilizi moyo," nikasema. "Inasikiliza mchi. Imelegea, inarukaruka mkononi, basi kila mtikisiko inaandika kuwa ni moyo."

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikiweka chini. Akatazama viganja vyake, akavipiga mara moja, pa, kisha tena, pa, pa, pa, kwa mwendo wa Kuchele. Tulimwona anaelewa. Alianzia mikononi, akamalizia usoni.

"Makofi," akasema. "Mimi siku zote ninakufa kwa makofi."

Ungedhani yaliishia hapo. Bado Mwenyekiti. Baba mdogo alimpigia simu jioni ileile, sote tukasikia majibu maana haweki simu karibu na sikio, anahofia kuiumiza.

"Mzee Gau, hayo ya mchi na muhogo tutayajadili kwenye kikao."

"Kikao lini?"

"Baada ya bonanza."

"Mwenyekiti, bonanza lenyewe ndilo—"

"Baada ya bonanza, mzee wangu. Usiku mwema. Kunywa dawa."

Alfajiri ya bonanza tulikusanyika Chuno kama kawaida. Innocent alikuwa ameshafunga spika kwenye baiskeli kwa mpira, inawaka taa za bluu na nyekundu kama sherehe ya kipaimara. Baba mdogo alikuja na jezi yake, na saa ameishika mkononi, hajaivaa. Akapita katikati ya watu mpaka kwa Mwenyekiti.

"Shikamoo zenu baadaye. Mwenyekiti, naomba mkono wako."

"Weee!" wakapiga kelele vijana wa bodaboda. "Na Mama Amani yupo hapahapa!"

"Mwache," Mama mdogo akasema akifunga kamba za viatu. "Akikubaliwa nitashukuru."

Mwenyekiti alikuwa na haraka, na mwenye haraka hutoa mkono. Baba mdogo akamvalisha saa, ikiwa imelegea vilevile.

"Usitembee. Usikimbie. Simama hapo hapo ulipo, piga makofi tu nikiimba."

"Tulikubaliana huimbishi."

"Siimbishi klabu. Ninakuimbia wewe peke yako."

Akaanza kwa sauti ndogo, ambayo kwake ni ndogo. "Kuchele!" Watu arobaini wakaitika kabla hawajakumbuka kuwa wamekatazwa. Mwenyekiti akapiga makofi, kwanza kwa aibu, kisha kidogo kidogo akanogewa. Mimi nilikuwa msomaji.

"Tisini na nane," nikatangaza.

"Mwenye cheo akiweke!"

"Kumekucha!"

"Mia moja thelathini!"

"Mwenye kikao akifunge!"

"Kumekucha!" Hapo watu walikuwa wanacheka hadi wanashikana mabega, na Baba mdogo akaongeza mwendo, na makofi ya Mwenyekiti yakamfuata, maana huwezi kuyazuia.

"Mia moja sitini na tano! Mia moja sabini na mbili!"

Pi-pi-pi-pi-pi.

"Mungu wangu!" Mwenyekiti akapiga yowe, akinyoosha mkono mbali na mwili kama umetuliwa na nyuki. "Nivueni! Sharifa! Sharifa uko wapi, nakufa!"

"Umesimama tu, Mwenyekiti," Baba mdogo akamwambia kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Sisi wengine tunakufa tukiwa tumekimbia."

Muuguzi Sharifa akaja, akaweka vidole shingoni kwa Mwenyekiti, akatazama saa yake ya muuguzi iliyoning'inia kifuani. Watu wote wakasogea kutazama. Hata Innocent alizima taa za spika.

"Themanini na nane," Sharifa akasema. "Mzima kabisa. Umechangamka tu."

Kwa muda Mwenyekiti aliitazama saa, halafu Baba mdogo, halafu sisi tuliokuwa tukiuma midomo. Nadhani alitafuta kifungu cha katiba ya klabu. Hakikuwepo.

"Lakini presha mzee anayo kweli," Innocent akasema, na hakusema kwa ubaya. "Saa ikiwa mwongo haimaanishi mzee amepona."

"Anayo," Sharifa akakubali. "Mzee, umemeza dawa leo?"

"Nimemeza. Muulize Beatrice, ananikagua mpaka chini ya ulimi."

"Basi sikieni. Mtu anayeweza kuimba mstari mzima akiwa anakimbia, anapumua vizuri. Mzee aimbe. Siku mstari utakapomkatikia katikati, atembee hapo hapo, asione haya. Na akitembea, tembeeni wote, msije mkamwacha ajione mgonjwa peke yake."

"Tutembee kwenye bonanza?" kijana mmoja akashtuka. "Mbele ya Mikindani?"

Mwenyekiti akaivua saa, akamrudishia Baba mdogo kwa vidole viwili. "Uamuzi ni huo. Mzee anaimbisha. Spika itakuja nyuma kama gari la wagonjwa."

Tukatoka. Sijui kama nimewahi kumsikia Baba mdogo akiimba kama asubuhi ile. Alikuwa na mistari ya wiki nzima iliyokaa bila kutumika, akaimwaga yote. Aliwaimba wauza samaki, akaiimba halmashauri, akamwimba Haider na duka lake, akaimba muhogo ulioajiriwa serikalini kwa umri wa kazini, na hapo Mama mdogo akamrushia jicho kwamba huo mstari ukomee Chuno. Barabara ya Mikindani ikatupokea, maji ya ghuba yakaanza kuonekana upande wa kulia nyuma ya mikoko, na klabu nyingine zikatokea, nyekundu, kijani, bluu, kila moja na kelele zake.

Kisha ikaja ile sehemu barabara inapoinuka kabla ya kushukia mjini. Jua nalo lilikuwa limeshakasirika. Baba mdogo akaanza mstari.

"Mwenye mke asi—"

Ukakatika.

Angeweza kutudanganya. Nilikuwa nyuma yake kabisa, nikaona mabega yanavyopanda na kushuka. Angeacha tu kidogo, akapiga makofi kujazia, tukaitikia hivyohivyo, na hakuna ambaye angejua, maana saa ilikuwa mfukoni na haikusema neno. Wale wa jezi za bluu walikuwa bega kwa bega nasi, na mbele kwenye kona watu wamejipanga kutazama. Niliona anaitazama ile kona.

Akainua mkono juu, akaanza kutembea.

Tukatembea. Watu arobaini wa njano, wote kwa pamoja, kama tumeishiwa mafuta. Mwenyekiti akatembea kifua mbele. Innocent akashuka kwenye baiskeli, akaikokota. Kwa hatua kadhaa hakuna kilichosikika isipokuwa viatu vyetu.

"Njano vipi?" wa bluu wakatupigia kelele wakitupita. "Mnasindikiza maiti?"

"Maiti mwenyewe huyu hapa anatembea!" kijana wetu mmoja wa bodaboda akajibu.

"Mzikeni basi, mnaziba njia!"

Baba mdogo alitembea ameinama, mikono kiunoni, akavuta hewa mara mbili, tatu. Sharifa alikuwa ameshamfikia, akamgusa shingo huku wanatembea, akatikisa kichwa kwamba sawa. Baba mdogo akanyooka. Kisha, akiwa anatembea vilevile, hatua moja hatua moja, akapaza.

"Kuchele!"

"Kumekucha!"

"Wenye mbio watangulie!"

"Kumekucha!"

"Mikindani haihami!"

"Kumekuchaaa!"

Sijawahi kusikia wimbo wa jogging ukienda kwa mwendo wa kutembea. Ulikuwa mzito, mpana, makofi yanakuja kwa kusubiriwa, na kila mtu alikuwa na pumzi ya kuitikia hadi mwisho wa neno. Kule kwenye kona watu walianza kupiga makofi nao. Wa bluu walikuwa wameshatupita, lakini wa mwisho wao, kijana mmoja mnene aliyekuwa akihema kama pampu, aligeuka kututazama. Akapunguza. Akatazama wenzake wanavyoyoyoma mbele, akafuta jasho, akasimama kando mpaka tukamfikia, akaingia katikati yetu na jezi yake ya bluu.

"Kumekucha," akasema, na kutembea nasi.